Namba moja: namna ya kujijenga kuwa gadi wa kulipwa

Kocha wa mpira wa kikapu anapomchagua gadi wa kuanza mechi, yaani namba moja, mchezaji anayepandisha mpira na kuanzisha mashambulizi, hajiulizi kwanza kijana huyu anafunga pointi ngapi. Anajiuliza kama moyo wake utatulia mpira ukiwa mikononi mwa kijana huyo, dakika mbili zimebaki, timu inaongoza kwa pointi nne na wapinzani wamepanda kukaba uwanja mzima. Pointi zinaweza kutoka kwa yeyote. Utulivu huo unatoka kwa namba moja, na ndio anaolipwa mshahara kwa ajili yake.

Mwongozo huu ni wa mchezaji ambaye tayari anacheza. Yuko timu ya shule, chuo au klabu ndogo, ana miaka kati ya 16 na 23, na anataka mpira wa kikapu uwe kazi yake. Hatutafundisha sheria za mwanzo. Tutaeleza yanayomfanya gadi aajiriwe, yanayomfanya aachwe, na yanayoamua atadumu miaka mingapi.

Suala la urefu tulimalize mapema, maana kila mtu huliuliza. Muggsy Bogues alikuwa na sentimita 160 na akacheza NBA, ligi kubwa ya Marekani, misimu 14. Magic Johnson alikuwa na sentimita 206 na kazi yake ilikuwa ileile. Mrefu anaona juu ya mikono ya wakabaji. Mfupi anaishi kwa kasi na kwa mpira unaodunda chini mahali ambapo mikono mirefu haifiki. Tofauti ni kwamba mfupi ana nafasi ndogo ya kukosea. Akipoteza mpira mara tano katika mechi moja, hakuna kimo cha kumtetea anaporudi kukaba.

Mikono

Tenga dakika 20 za mpira peke yake kila siku, kabla ya mazoezi ya timu, wakati mwili bado haujachoka. Tano za kwanza simama mahali pamoja: dunda kwa nguvu sekunde 30 usawa wa goti, 30 usawa wa nyonga, 30 usawa wa bega, kisha badilisha mkono. Nguvu ndiyo siri hapa. Mpira unaodundwa kwa nguvu unarudi haraka, na mpira uliorudi haraka umekaa muda mfupi hewani, pale unapoporwa. Tano zinazofuata tumia mipira miwili, kwanza ikidunda pamoja, halafu kwa kupishana. Kumi zilizobaki tembea nayo: nenda, simama ghafla, nenda tena. Theluthi mbili za muda wote huo zitumike kwa mkono dhaifu. Mkono wenye nguvu hautasahau.

Vijana wengi hukusanya madoido: krosova (kuudundisha mpira mbele yako kutoka mkono mmoja hadi mwingine), kupitisha kati ya miguu, nyuma ya mgongo, kuzunguka. Ukikaa na kuhesabu, utaona kwamba mkabaji huachwa mara nyingi zaidi na mabadiliko ya mwendo kuliko na doido lenyewe. Nenda nusu kasi, inua kidogo bega na macho kana kwamba unasimama, mkabaji anyooke magoti, kisha ondoka. Ukilijua hilo na ukawa na madoido mawili tu unayoyaamini kwa mikono yote miwili, yanatosha kwa miaka mingi.

Makosa yanayotugharimu mipira mingi ni haya. La kwanza ni kudunda mbele ya tumbo ukiwa umemkabili mkabaji. Mpira ukae pembeni, nyuma kidogo ya nyonga ya mbali, na bega lako liwe kati yake na adui. La pili ni kuushika mpira mapema: ukishaacha kudunda na kuukamata kwa mikono miwili bila kujua unampa nani, umewaita wakabaji wote wakusogelee. La tatu ni kuogopa kurudi nyuma. Ukibanwa, dunda mara mbili ukirudi, mkabaji akikufuata mbiombio badilisha mkono na umpite. Anayesisitiza kusonga mbele tu hupokonywa.

Na kuna sehemu ya uwanja ya kuiogopa kabisa: kona iliyo mara tu baada ya mstari wa katikati, karibu na mstari wa pembeni. Ukiingia pale huwezi kurudi nyuma kwa sababu ni kosa, huwezi kutoka pembeni, na mtu wa pili akija umefungwa pande zote. Vuka mstari wa katikati ukiwa karibu na katikati ya uwanja, au vuka ukiwa na kasi ya kukutoa hapo papo hapo.

Pasi

Pasi hupotea kwa sababu mbili, kuchelewa na kutazama. Mwenzako akishakuwa wazi, mkabaji wake yuko njiani kurudi, hivyo pasi nzuri hutoka mikononi kabla hajawa wazi. Na ukimkodolea macho utakayempa, umemwonyesha hata yule aliye mbali.

Lenga mkono ulio mbali na mkabaji, si kifua. Pasi ya kudundisha iguse sakafu kwenye theluthi mbili ya njia ili imfikie mpokeaji usawa wa kiuno. Ikigusa katikati inapanda polepole na kuibiwa, ikigusa karibu naye sana inampiga miguuni. Jifunze kutoa pasi kwa mkono mmoja moja kwa moja kutoka kwenye kudunda, bila kuukusanya mpira kwanza kwa mikono miwili. Mkusanyo huo unachukua sehemu ndogo tu ya sekunde, na pasi ya kona ya mbali inaishi au kufa ndani ya muda huohuo. Fanya pasi 100 kila mkono kwa siku, ukilenga alama ya ukubwa wa sahani ukutani, nusu yake ukiwa kwenye mwendo.

Usiruke hewani ndipo utafute wa kumpa. Wapo magadi wakubwa wanaofanya hivyo na kufaulu, lakini wao wanajua tayari mpira unakwenda wapi.

Kipimo rahisi cha kazi yako ni pasi za mabao, yaani zile zilizozaa kikapu moja kwa moja, ukilinganisha na mipira uliyopoteza. Mbili kwa moja ni kiwango cha chini cha kuaminiwa. Tatu kwa moja, makocha wataanza kukuulizia. John Stockton alimaliza maisha yake ya NBA akiwa na pasi za mabao 15,806, zote akiwa na Utah Jazz, kuanzia 1984 hadi 2003. Namba hiyo hutajwa sana, lakini iliyo nyuma yake ndiyo ya kujifunza: katika misimu 19 alikosa mechi 22 tu. Mwili uliopo uwanjani kila siku ni sehemu ya ustadi.

Piki na roli, mahali kazi ilipo

Sehemu kubwa ya mashambulizi ya kikapu cha kulipwa huanza na skrini moja: senta, yule mrefu wa karibu na kikapu, anakuja, anasimama njiani kwa mkabaji wako, wewe unapita, naye anageuka kwenda ringini. Hiyo ndiyo piki na roli. Gadi asiyesoma hali hii hana kazi, hata awe na mikono ya dhahabu.

Kabla ya skrini, mpeleke mkabaji wako hatua moja au mbili upande usiokusudia. Kisha ngoja. Ngoja mpaka miguu ya senta wako itulie. Ukiondoka mapema, senta bado anatembea, mwamuzi anapuliza faulo ya skrini, na mpira umekwenda. Faulo itaandikwa kwa jina la senta lakini kosa ni lako, na yeye anajua. Unapopita, bega lako likwangue nyonga yake. Ukiacha upenyo wa mtu kupita, mtu atapita.

Ukishatoka kwenye skrini una kudunda mara mbili za kuamua. Macho yaende kwanza kwa mkabaji wa senta, kisha kwa mtu wa tatu, yule anayelinda kona ya upande wa pili na anayetakiwa kuingia ndani kusaidia. Mkabaji wako mwenyewe usimtazame. Yuko nyuma yako na utamsikia.

Senta wao akibaki nyuma karibu na kikapu, punguza mwendo. Wengi hukosea hapa: wanaona njia, wanakimbilia ringi, wanakutana na mtu wa sentimita 210 aliyekuwa anawangoja. Mweke mkabaji wako mgongoni, asiweze kurudi mbele yako, na sasa mko wawili dhidi ya mmoja. Rusha ukiwa mita nne au tano, au upandishe mpira juu kwa mkono mmoja upite juu ya vidole vya senta. Akikusogelea, mpe mwenzako anayekwenda ringini.

Senta wao akitoka nje kukuzuia, usimkimbilie. Rudi hatua moja, mvute mbali, kisha mpe mwenzako mpira akiwa karibu na mstari wa rusho huru. Kutoka pale timu yako ina wanne dhidi ya watatu, na kazi yako imekwisha kwa heshima ingawa hutaandikiwa chochote kwenye karatasi ya takwimu.

Wakabaji hao wawili wakibadilishana watu wa kukaba, hakuna haraka. Vuta mpira nje upate nafasi, umshambulie yule mkubwa kwa kasi, au upeleke mpira ndani ambako senta wako amekabwa na mtu mdogo. Kabla ya kuchagua, tazama saa: kumpelekea senta mpira kunakula sekunde nyingi.

Mkabaji wako akipita nyuma ya skrini, yaani amekuachia nafasi ya kurusha, rusha. Usiporusha, au ukirusha na kukosa wiki baada ya wiki, kila timu itakukaba hivyo msimu mzima na njia zote za pasi zitajaa miili. Hili ndilo huwaondoa magadi wengi wenye pasi nzuri kwenye ligi kubwa.

Na wakija wawili kukubana, usiushike mpira. Rudi ukidunda mara mbili, wavute wote wawili, toa pasi kabla mikono yao haijafungana. Mpe aliye karibu. Yeye ndiye atakayempata aliye wazi.

Jambo moja kwa anayetazama NBA sana kisha anakwenda kucheza kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia: kwa FIBA hakuna kosa la sekunde tatu za ulinzi. Senta wao anaweza kukaa ndani ya eneo la rangi, lile la chini ya kikapu, muda wote shambulio likiendelea. Ndani kunajaa, na leyapu, lile rusho la mbioni karibu kabisa na ringi, unayoiona kwenye runinga haipo. Ule mpira wa kuupandisha juu kutoka mita tatu au nne unakuwa chakula cha kila siku, si mapambo.

Saa

Una sekunde 24 za kushambulia na nane za kuvuka katikati. Gadi anayetumia zote nane ameiachia timu yake 16, na skrini ya kwanza ikishindwa hakuna muda wa pili. Vuka saa ikiwa bado inasoma 20 au 21, uanze shambulio kabla haijafika 18. Timu yako ikirusha, mpira ukagonga ringi na kukosa, kisha mkaudaka tena wenyewe, saa hurudi kwenye 14, si 24. Anayeliona hilo huita kitu kifupi badala ya kupanga upya taratibu.

Mwisho wa robo kuna hesabu ya kuikariri. Ukirusha zikiwa zimebaki kama sekunde 33, wapinzani wakatumia zao zote 24, unapata mpira tena kwa sekunde za kutosha kurusha. Mashambulizi mawili kwao moja. Ukirusha zikibaki 26 umewazawadia shambulio la mwisho. Lakini usirushe takataka kwa ajili ya hesabu. Rusho baya likizaa leyapu upande wa pili, hesabu imekugeuka.

Mechi ya FIBA ina robo nne za dakika 10 na faulo tano kwa mchezaji; NBA ni dakika 12 na faulo sita. Kwa FIBA anayeomba taimu-auti ni benchi, si wewe, kwa hiyo ukibanwa hakuna kupiga kelele ya kuokolewa. Na ukishika mpira ukiwa umekabwa kwa karibu, una sekunde tano za kutoa pasi, kurusha au kudunda. Faulo za timu uzihesabu mwenyewe: baada ya nne katika robo, faulo ya tano ya wapinzani inakupeleka kwenye marusho huru mawili, na kuanzia hapo kuingia ndani kuna faida kuliko kurusha mbali.

Kurusha

Ringi ina kipenyo cha sentimita 45, iko mita 3.05 juu, na mpira namba 7 una kipenyo cha kama 24. Nafasi ipo, ila mpira unaokwenda bapa unaiona nafasi hiyo nyembamba, unaopanda unaiona pana. Ukikosa sana kwa kugonga mbele ya ringi, mara nyingi ni miguu imechoka, si mkono. Ukikosa kushoto na kulia, tazama kiwiko na mkono wa pembeni. Huo wa pembeni unatakiwa kuushikilia mpira tu, usiusukume.

Mstari wa FIBA uko mita 6.75, na 6.60 kwenye kona. Wa NBA ni 7.24, na 6.70 kona. Fanyia mazoezi nusu hatua nyuma ya mstari wa ligi unayoitamani. Hesabu zinazoingia, si unazorusha: 250 kwa kikao, na angalau 150 ziwe za kutoka kwenye kudunda, kwa sababu hizo ndizo utakazozipata mechini. Andika kila siku. Bila daftari utakumbuka siku nzuri tu.

Marusho huru yafanye ukiwa umechoka, mawili mawili, katikati ya mbio. Gadi ndiye anayechezewa faulo mwishoni timu ikiongoza, na chini ya asilimia 80 kocha atakutoa dakika hiyohiyo uliyoisubiri. José Calderón, msimu wa 2008–09, aliingiza 151 kati ya 154. Hakuna anayekudai hivyo, lakini inaonyesha kwamba mstari ule hauna mkabaji wala kimo. Una zoezi tu.

Kwenye ulinzi tuseme machache. Mkabe mwenye mpira kwa umbali wa mkono, nyonga chini, kifua mbele yake, mikono isiyogonga. Mpeleke kwenye mkono wake dhaifu na kwenye pembeni. Kwenye skrini, ingiza mguu mmoja juu ya mguu wa anayeiweka na ujipenyeze, usigonge na kusimama. Sauti ni sehemu ya kukaba. Gadi aliyenyamaza anaiacha timu gizani.

Mwili

Kifundo cha mguu ndicho kitakachokusumbua kwanza. Mara nyingi unatua juu ya mguu wa mtu na mguu unapinda kwa ndani. Kama huwezi kutembea hatua nne, au mfupa wenyewe unauma ukibonyezwa, nenda ukapigwe picha kabla ya kitu chochote. Kama ni kano tu, uvimbe utapungua kabla uimara haujarudi, na hapo ndipo wengi hurudi mapema na kujiumiza tena. Usirudi mechini mpaka uweze kurukaruka kwa mguu huo mmoja, kukata kona kwa kasi na kutua bila maumivu wala woga, sawa na mguu mzima. Stephen Curry alifanyiwa upasuaji wa kifundo mwaka 2011 na tena 2012, na watu wakamwandika kuwa hatadumu. Desemba 2021 alivunja rekodi ya Ray Allen ya mipira ya pointi tatu.

Mara tatu kwa wiki simama kwa mguu mmoja sekunde 30, seti tatu, kwanza macho wazi kisha yamefumbwa. Nyanyua visigino, mguu mmoja mmoja, seti tatu za 12. Jifunze kutua: magoti yafuate vidole vya miguu, yasiangukie ndani, maana goti linaloangukia ndani wakati wa kutua au kugeuka ndilo huchanika kano. Fanya hivyo mbele ya simu inayorekodi, kwa kuwa hakuna anayehisi goti lake likiingia ndani.

Raba ziache nafasi ya upana wa kidole mbele, zibane kisigino, na zibadilishwe soli ikianza kuteleza, hata kama juu bado zinang'aa. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi. Kila kilo iliyopotea irudishwe kwa kama lita moja na nusu ya maji katika saa zinazofuata. Lala saa nane au tisa. Tunasema hili kwa msisitizo kwa sababu usingizi ndio wa kwanza kutupwa kwenye safari, na maamuzi ndiyo ya kwanza kuharibika.

Kuonekana, kisha kusaini

Watafuta vipaji hawaamini vipande vya madoido. Tengeneza video ya dakika tatu au nne, iwe na piki na roli, kurusha, pasi na ukabaji, jina na namba ya jezi vionekane mwanzoni, bila muziki unaofunika. Kisha ambatisha mechi mbili nzima, mojawapo dhidi ya timu ngumu. Wanaojua kazi hufungua hizo mechi nzima na kutazama unachofanya baada ya kupoteza mpira.

Njia si moja. Fred VanVleet hakuchaguliwa kwenye drafti ya 2016, ambapo timu za NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu, akawa bingwa wa NBA na Toronto mwaka 2019. Jalen Brunson alichaguliwa wa 33 mwaka 2018. Manu Ginóbili alichaguliwa wa 57 mwaka 1999, akabaki Italia kwanza. Usikatae ligi ndogo yenye dakika 30 za kucheza kwa sababu ya ligi kubwa yenye kiti cha benchi. Ukiwa na miaka 20, dakika ni mtaji.

Wakala akikujia, muulize namba yake ya leseni ya FIBA, kisha uihakiki mwenyewe kwa FIBA. Muulize ni magadi wangapi anawawakilisha sasa hivi, maana akiwa na sita wa umri wako atawauza wote kwa klabu moja. Mkataba naye uwe wa maandishi na wenye tarehe ya mwisho.

Mkataba wa klabu usome sentensi kwa sentensi, na kama lugha yake huijui, tafuta mwanasheria anayeijua. Usimwachie wakala peke yake. Tazama yafuatayo kwa makini. Je, mshahara uliotajwa ni baada ya kodi au kabla? Utalipwa tarehe gani, na mara ngapi? Klabu nyingi hulipa kwa miezi ya msimu tu, mara nyingi minane hadi kumi, hivyo mwaka wako wa matumizi una miezi ambayo hakuna kinachoingia. Uchunguzi wa afya ufanyike ndani ya siku chache tangu ufike, na baada ya hapo klabu isiwe na ruhusa ya kuvunja mkataba kwa kigezo cha afya. Kipengele cha majaribio ukikatae. Kinawaruhusu wakutumie wiki tatu na kukurudisha nyumbani. Ukiumia ukiwa kazini, mshahara uendelee na matibabu yawe juu yao, na hayo yaandikwe kwa maneno hayohayo, si "klabu itasaidia". Nyumba, tiketi, bima na usafiri viandikwe navyo. Malipo yakichelewa siku kadhaa zilizotajwa, uwe na haki ya kusimamisha huduma na kuondoka ukiwa huru.

Kisha tafuta kipengele cha usuluhishi. FIBA ilianzisha mwaka 2007 mahakama ya usuluhishi wa kikapu, ambayo leo hujulikana kama BAT, yenye makao yake Geneva. Inasikiliza madai ya mishahara kati ya wachezaji, klabu na mawakala, lakini msingi wake ni makubaliano ya pande zote: kipengele kisipokuwemo kwenye mkataba, hutaweza kwenda pale klabu ikikataa. Ni aya moja fupi. Wachezaji wengi wamepoteza mishahara kwa kukosa aya hiyo.

Kabla ya kucheza nchi nyingine unahitaji barua ya kuruhusiwa kutoka shirikisho la nchi unayotoka. Anza kuifuatilia siku unayosaini. Maliza kwanza madeni kati yako na klabu ya zamani, na uhakikishe huna mkataba wao ulio hai, kwa sababu mkataba kama huo ndio chanzo cha kawaida cha barua kukwama huku msimu umeanza.

Msimu ukienda, miaka ikienda

Siku moja kabla ya mechi, tazama vipande 15 hadi 20 vya gadi utakayemkaba na vya jinsi timu yake inavyokaba piki na roli. Usitazame zaidi, kichwa kilichojaa kinachelewa kuamua. Andika mambo matatu kwenye karatasi, moja kuhusu yeye, moja kuhusu senta wao, moja kuhusu mtu wa tatu. Baada ya mechi, rudia mipira uliyopoteza tu na uipange: mikono, macho au haraka. Baada ya mechi tano utaona aina moja inaongoza, na hiyo ndiyo mazoezi ya wiki inayofuata.

Kasi ya miguu huanza kupungua karibu na miaka 30. Stockton alistaafu akiwa na 41, na hakuwahi kuwa mwenye kasi kuliko wote. Anayetaka kufuata njia hiyo abadilishe mazoezi kabla miguu haijamlazimisha: akiwa na miaka 27 au 28 aongeze marusho ya kusimama kwenye kona, kwa kuwa siku moja kocha atampanga pamoja na gadi kijana na yeye atakuwa asiye na mpira, ajifunze kukaba namba mbili na namba tatu, wale warushaji na washambulizi wa pembeni, na kwenye mkataba unaofuata apunguze madai ya mshahara kidogo ili apate mwaka wa pili uliohakikishwa.